Neno Lililoogopwa

Tarehe 30 Aprili 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa kuhusu Rwanda. Ukiisoma leo, kuna sehemu itakushangaza. Inasema kwamba kuwaua watu wa kundi la kikabila kwa nia ya kuliangamiza kundi hilo, lote au sehemu yake, ni kosa linaloadhibiwa chini ya sheria ya kimataifa. Aliyewahi kuufungua Mkataba wa 1948 wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari anayajua maneno hayo. Yametolewa humo, karibu kama yalivyo. Kilichoachwa ni jina la kosa lenyewe. Ni sawa na mtu akuelezee mnyama mwenye mkonga, masikio kama ungo na miguu kama magogo, halafu ukimuuliza ni mnyama gani, akwambie hilo bado linachunguzwa.

Wakati huo wiki tatu zilikuwa zimeshapita tangu mauaji yaanze. Makanisa na shule ambamo Watutsi walikimbilia vilikuwa vimegeuzwa machinjio. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa kama saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani Ngara, Tanzania. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokuwa wakilikimbia jeshi la RPF lililokuwa likisonga mbele. Chini ya daraja hilo Mto Kagera ulikuwa unabeba maiti. Habari hizo zilifika New York, zilisomwa, zikajadiliwa. Swali linalonisumbua kila ninaporudi kwenye historia hii ni dogo tu: watu wanaoona, wanaoijua sheria, na wanaolipwa mshahara kwa ajili ya amani, wanafikaje mahali pa kuandika taarifa nzima kwa kulizunguka neno moja?

Kitabu kilichonisaidia zaidi kulifikiria swali hilo si cha mwandishi wa habari, na si cha mwanajeshi. Kimeandikwa na mwanasayansi wa siasa wa Kimarekani, Michael Barnett. Kinaitwa Eyewitness to a Genocide, yaani shahidi wa macho wa mauaji ya kimbari, na kilitolewa mwaka 2002. Jina hilo lina kejeli ndani yake, kwa sababu Barnett hakuiona Rwanda siku zile. Alichokishuhudia ni ofisi. Kati ya 1993 na 1994 alichukua likizo chuoni akaenda kufanya kazi kwenye ubalozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, kwanza kwenye masuala ya Somalia, baadaye Rwanda. Hakuwa mtaalamu wa Rwanda. Alikuwa msomi wa mashirika ya kimataifa aliyepewa meza, simu na faili.

Jambo linalokifanya kitabu hiki kiwe tofauti ni kwamba Barnett anakiri kuwa wakati ule aliona uamuzi wa Umoja wa Mataifa ni sahihi. Baraza lilipoamua kupunguza walinda amani, hakupiga meza wala kujiuzulu. Aliona ni busara. Ilimchukua muda, baada ya kurudi chuoni, kujiuliza imekuwaje yeye, mtu mwenye dhamiri ya kawaida, aone kuwaacha watu wachinjwe ni jambo la busara. Kitabu kizima ni jaribio la kujibu hilo.

Jibu lake linaanzia Mogadishu. Tarehe 5 Juni 1993 walinda amani 24 wa Pakistan waliuawa katika mji huo. Usiku wa 3 kuamkia 4 Oktoba wakauawa wanajeshi 18 wa Marekani, na picha za miili yao ikiburutwa mitaani zikaonyeshwa dunia nzima. Tarehe 5 Oktoba, damu haijakauka, Baraza la Usalama likapitisha Azimio 872 la kuunda kikosi cha UNAMIR kwenda kusimamia Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini na serikali ya Rwanda na RPF tarehe 4 Agosti mwaka huo. Yaani mtoto alizaliwa siku ya msiba. Kila aliyepiga kura siku hiyo alitaka Rwanda iwe dogo, rahisi, na nafuu: pande mbili zimekubaliana, sisi tunakwenda kusimama katikati tu.

Kuanzia hapo, anasema Barnett, ndani ya jengo lile kukajengeka maadili ya aina yake. Shirika lilikuwa linakufa kwa aibu. Likishindwa tena, nani atalipa fedha, nani atatoa askari? Kulilinda shirika kukawa wajibu wa kimaadili, na wajibu huo ukaupiku ule ambao shirika liliundwa kuutimiza. Kukawa na kanuni tatu ambazo kila mtu alizijua kama sala: uingie kwa ridhaa ya wahusika, usipendelee upande, usitumie nguvu ila kujilinda. Ni kanuni nzuri palipo na amani ya kulinda. Ila ukizibeba kwenda mahali ambapo upande mmoja unawaua raia wa kundi fulani nyumba kwa nyumba, kutopendelea maana yake ni nini? Kusimama katikati ya panga na shingo?

Tazama faksi maarufu ya tarehe 11 Januari 1994. Jenerali Roméo Dallaire, kamanda Mkanada wa UNAMIR, aliandikia New York kwamba amepata mtoa habari kutoka ndani ya Interahamwe. Mtu huyo alisema ameagizwa kuwaorodhesha Watutsi wa Kigali, na anadhani ni kwa ajili ya kuwaangamiza. Alisema vijana wake wanaweza kuua hadi watu 1,000 kwa dakika 20. Alitaja silaha zilizofichwa. Alisema pia kwamba upo mpango wa kuwaua askari kadhaa wa Ubelgiji ili Ubelgiji iondoe kikosi chake. Dallaire alitaka kwenda kuzikamata silaha hizo. Idara ya ulinzi wa amani, iliyokuwa chini ya Kofi Annan, ikamkataza: hilo liko nje ya mamlaka yako. Akaambiwa aende kumweleza Rais Habyarimana, na awajulishe mabalozi wa Marekani, Ufaransa na Ubelgiji. Ni kama kwenda kumwambia mwenye nyumba kwamba kwenye dari lake kuna bunduki.

Ninapoifundisha akili yangu kuisoma faksi ile kama walivyoisoma wao, naanza kumwelewa Barnett. Dallaire aliona watu wanaokwenda kufa. New York waliona Mogadishu nyingine. Wote walikuwa wanasoma karatasi ileile.

Tarehe 6 Aprili ndege iliyombeba Habyarimana na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Kesho yake Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Mhutu aliyetaka mkataba wa Arusha utekelezwe, aliuawa. Askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda nao wakauawa, kama mtoa habari alivyosema miezi mitatu kabla. Ubelgiji ikaondoa kikosi chake, kama mtoa habari alivyosema. Tarehe 11 Aprili askari wa Ubelgiji waliokuwa katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, walifunga mizigo na kuondoka, huku watu kama 2,000 waliokimbilia kwao wakiwatazama. Wengi wa watu hao walikuwa wamekufa kabla jua halijazama.

Tarehe 20 Aprili Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali aliliwekea Baraza njia tatu mezani: kuongeza kikosi kwa nguvu kubwa, kukipunguza kibakie na watu 270, au kukiondoa chote. Kesho yake, kwa Azimio 912, Baraza likachagua 270. Hapa Barnett anailaumu zaidi Sekretarieti kuliko wengi wanavyofanya. Dallaire alikuwa anasema kutoka Kigali kwamba akipata askari wa kutosha anaweza kuyazuia mauaji, na alikuwa anaeleza mauaji hayo yanavyopangwa. Picha iliyolifikia Baraza ilikuwa nyingine: vurugu, mapigano yaliyoanza upya, hali isiyotawalika. Kwa hiyo Baraza likajadili usitishaji wa mapigano, siku baada ya siku, kati ya RPF na serikali ya mpito. Na Rwanda yenyewe, ambayo tangu Januari ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama, ilikuwa na balozi wake amekaa pale mezani akiiwakilisha serikali iliyokuwa inaua.

Niseme kidogo kuhusu maneno, maana hii ni blogu ya fasihi na maneno ndiyo mali yetu. Kwa Kiswahili, kuna kiambishi kimoja kidogo kinachoweza kufanya kazi chafu bila mwandishi kujua. Ni kile cha kutendana. "Wanapiga" ni jambo moja, "wanapigana" ni jingine. "Wanaua" ina mtendaji na ina mtendwa. "Wanauana" ina watu wawili wenye hatia sawa. Ukisema "Wahutu na Watutsi wanauana", umeshatoa hukumu, na umeitoa kwa herufi mbili. Mwanamke aliyejificha chini ya sakafu na mtoto mgongoni umemfanya mpiganaji. "Mapigano ya kikabila" ina ugonjwa huohuo. Ninafanya kazi katika vyumba vya habari na najua jinsi kirai hiki kinavyokuja chenyewe vidoleni mtu anapokimbizana na saa. Kinaingia vizuri kwenye kichwa cha habari. Hakimwudhi mtu. Kinafanana sana na lugha ya New York ya Aprili 1994, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambavyo kweli vilikuwepo, vilitumika kufunika mauaji ya kimbari, ambayo nayo yalikuwepo.

Wauaji nao walikuwa na kamusi yao. Kwa Kinyarwanda waliita kuua "gukora", kufanya kazi. Mtutsi aliitwa "inyenzi", mende. Kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza kutangaza Julai 1993, kilizieneza lugha hizo katikati ya muziki na utani. Kwa hiyo ukiyaweka pamoja unaona jambo la kutisha: mlimani mtu anayeua anasema anafanya kazi, na New York mtu anayejua kuwa kuna wanaouawa anasema kuna machafuko. Kila upande una neno la kujikinga.

Hata hivyo sisi wapenda vitabu tusikimbilie kusema redio iliua. Mwanasayansi mwingine wa siasa, Scott Straus, alikwenda magerezani Rwanda na kuwahoji watu zaidi ya 200 waliopatikana na hatia ya kushiriki, kisha akaandika The Order of Genocide, kitabu cha mwaka 2006. Wengi hawakumwambia kwamba waliisikiliza RTLM wakapandwa na wazimu. Walizungumzia hofu ya vita, kifo cha rais, na hasa shinikizo la wanaume wenzao na viongozi wa eneo waliopita wakiwaita. Neno la jirani anayegonga mlango lilikuwa na nguvu kuliko neno la redioni. Hilo halimwondolei mtangazaji hatia. Linatukumbusha tu kwamba neno huua likiwa na serikali, silaha na jirani nyuma yake.

Turudi kwenye lile lililoogopwa. Mwishoni mwa Aprili rais wa Baraza alikuwa Colin Keating, balozi wa New Zealand. Zamu yake ilikuwa inaisha pamoja na mwezi. Yeye na Karel Kovanda wa Jamhuri ya Czech walitaka Baraza liseme wazi kuwa haya ni mauaji ya kimbari. Wakubwa, Marekani na Uingereza wakiwemo, hawakutaka. Saa zikiwa zimemwishia, Keating alitishia kuwasilisha rasimu ya azimio kwa jina la nchi yake, jambo ambalo lingelazimisha mjadala wa hadharani, kila nchi ionekane na kura yake. Hapo ndipo yakapatikana maelewano: chukueni maelezo ya Mkataba, acheni jina. Ile taarifa ya ajabu niliyoanza nayo ndiyo ushindi wa Keating. Ulikuwa ushindi wa nusu, lakini bila yeye huenda hata nusu isingekuwepo.

Kwa nini jina litishe kiasi hicho? Kwa sababu ya ibara ya kwanza ya Mkataba, ambamo nchi zinaahidi kuzuia na kuadhibu. Waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa tarehe 1 Mei 1994, ambao baadaye ulitolewa hadharani, unaonya waziwazi kwamba tuwe waangalifu, wanasheria wana wasiwasi kuwa tukikiri ni mauaji ya kimbari huenda tukalazimika kufanya kitu. Tarehe 8 Juni, katika Azimio 925, Baraza hatimaye likataja "matendo ya mauaji ya kimbari". Siku mbili baadaye msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani aliulizwa na mwandishi wa Reuters: matendo mangapi ya mauaji ya kimbari yanatosha kuwa mauaji ya kimbari? Akajibu kwamba hilo si swali ambalo yuko katika nafasi ya kulijibu. Kama kuna swali moja la mwanahabari ambalo ningependa kuwa ndiye niliyeliuliza, ni hilo.

Neno lenyewe lilikuwa na umri wa miaka 50. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, alilitunga kwa kuunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya mbari na mzizi wa Kilatini wa kuua, akalichapisha mwaka 1944. Alihangaika mpaka Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba tarehe 9 Desemba 1948. Marekani ilichukua miaka 40 kuuridhia. Rwanda ilijiunga nao mwaka 1975.

Kiswahili kililitafsiri vizuri kuliko tunavyokipa sifa. "Mauaji ya halaiki" tunalo pia, na wengi hulitumia kama kisawe. Ila halaiki ni umati. Watanzania wa rika langu wakisikia halaiki wanawaona watoto wa shule uwanjani siku ya sherehe za taifa, wakipanga maumbo kwa rangi. Neno hilo linakwambia wamekufa wengi. Halikwambii kwa nini wao. "Kimbari" linatoka kwenye mbari, ukoo, watu wa asili moja, na ndani yake limebeba kila kitu ambacho sheria inataka kuthibitisha: kwamba mtu huyu hakuuawa kwa alilolifanya, aliuawa kwa alikozaliwa. Tofauti ya halaiki na kimbari ndiyo tofauti waliyokuwa wakiibishania New York.

Katika siku 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, wengi mno wakiwa Watutsi. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Tarehe 4 Julai RPF iliingia Kigali. Azimio 918 la 17 Mei lilikuwa limeruhusu kikosi cha watu 5,500, lakini nchi za kuwatoa zilijivuta mpaka mauaji yakaisha.

Ni lazima niwataje waliobaki, maana ukimsoma Barnett peke yake unaweza kudhani shirika ni mashine isiyo na watu. Dallaire hakuondoka. Askari wa Ghana, chini ya Brigedia Henry Anyidoho, hawakuondoka. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, ambaye hakuwa na mamlaka yoyote ya kuokoa mtu, aliwapitisha watu kwenye vizuizi vya barabarani wachache wachache, kwa ucheshi na sigara na ujasiri tu, akaokoa mamia. Aliuawa na kombora tarehe 31 Mei 1994. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliunda nishani ya ushujaa yenye jina lake. Shirika lililomwacha bila askari wa kutosha limeuchukua ukaidi wake likaufanya heshima yake. Sijui kama hilo ni toba au ni kujipamba, na sioni kwa nini lisiwe vyote viwili.

Kisha hadithi ikarudi Arusha. Mji uliotiwa saini mkataba wa amani ulioshindwa ndio uliopewa mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa Novemba 1994 na kukaa katika jengo la AICC hadi mwisho wa 2015. Iliwashtaki watu 93. Hukumu yake ya kwanza, ya tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ndiyo mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi. Ndiyo pia ya kwanza kusema kuwa ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji hayo. Ubakaji haukuwemo kwenye mashtaka ya mwanzo. Uliongezwa Juni 1997, baada ya mashahidi wanawake kuueleza kizimbani na majaji, mmoja wao Navi Pillay wa Afrika Kusini, kusikiliza.

Nampendekezea kila mpenzi wa lugha aisome hukumu ya Akayesu. Kuna kurasa ambazo majaji, wakisaidiwa na mtaalamu wa isimu, wanachambua maneno ya Kinyarwanda moja moja: inyenzi, inkotanyi, icyitso, lina maana gani, lilikuwa na maana gani mwaka 1994, nani alimwambia nani. Wanachambua pia jinsi mashahidi walivyouita ubakaji. Wengine walisema kuryamana, na msomaji wa Kiswahili haihitaji kamusi kusikia "kulala" humo. Wengine walisema gufata ku ngufu, na hapo tunasikia "kwa nguvu" yetu. Mkalimani aliyekosea hapo angeweza kuigeuza jinai kuwa mapenzi. Sijasoma uhakiki wa fasihi wenye uzito kuliko kurasa hizo.

Na tarehe 16 Juni 2006, chumba cha rufaa cha mahakama hiyo kiliamua, katika kesi ya Karemera na wenzake, kwamba kutokea kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ni jambo linalojulikana na wote. Waendesha mashtaka hawana haja ya kulithibitisha tena. Miaka 12 baada ya wanadiplomasia kukesha wakilikwepa, neno lilikuwa limekuwa ukweli usiohitaji ushahidi, kama kwamba jua huchomoza mashariki.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi tamu: neno liliogopwa, neno likashinda. Ila Darfur inaniharibia. Tarehe 9 Septemba 2004 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba yanayofanyika Darfur ni mauaji ya kimbari. Neno lilitamkwa, wazi, na mkubwa, watu wakiwa bado wanakufa. Na papo hapo akaongeza kwamba kulitamka hakulazimishi hatua yoyote mpya. Wanasheria walikuwa wamejifunza. Mwaka 1994 waliliogopa neno kwa sababu lingewabana. Mwaka 2004 waligundua kuwa halibani. Januari 2025 Marekani imelitumia tena, kwa Darfur ileile, safari hii dhidi ya RSF, ambao chimbuko lao ni wanamgambo walewale wa Janjaweed. Kwa hiyo wale wanaoamini kwamba tukipata jina sahihi tutakuwa tumepata dawa, wafikirie upya. Daktari anaweza kuutaja ugonjwa vizuri kabisa na kwenda zake kula chakula cha mchana.

Na tusidhani kuwa hii ni habari ya New York na Washington pekee. Desemba 1996, serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, walitoa tangazo la pamoja kwa Wanyarwanda waliokuwa kambini Kagera, karibu nusu milioni: wote wanatarajiwa kurudi kwao ifikapo tarehe 31 mwezi huo. Sheria ya wakimbizi inasema kurudi kuwe kwa hiari. Maelfu ya watu walipojibu kwa kukusanya virago na kuelekea mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, wakitaka kufika hata Kenya au Malawi, walirudishwa na askari hadi Rusumo, kwenye daraja lilelile. Wapo waliokuwa wauaji katika umati ule, na walikuwa wanazitumia kambi kwa siasa zao. Tanzania ilikuwa imechoka na ilikuwa imebeba mzigo ambao nchi tajiri haziwezi kuuwazia. Yote hayo ni kweli. Kweli pia ni kwamba shirika lenye kazi moja kuu, kumlinda mkimbizi asirudishwe kwa nguvu, liliweka jina lake chini ya tangazo lile. Barnett na mwenzake Martha Finnemore walilitumia shirika hilo hilo kama mfano katika kitabu chao cha 2004, Rules for the World, wakiangalia Warohingya walivyorudishwa Myanmar kutoka Bangladesh. Hoja yao ni kwamba shirika likiwa na mamlaka ya kusema nini maana ya "hiari", linaweza kuinyoosha hiari mpaka ikatosha chochote.

Hicho ndicho ninachobaki nacho. Tumezoea kuuliza kama mashirika ya kimataifa yana nguvu au hayana. Dhaifu, tunasema, hayana jeshi, yanapelekeshwa na wakubwa. Ila yana nguvu moja ambayo hatuitazami: yanaamua jambo linaitwaje. Hii ni vita au ni mauaji. Huyu ni mkimbizi au mhamiaji. Kurudi huku ni hiari. Jina likishapita kwenye kikao na kugongwa mhuri, linashuka kwenye ripoti, kutoka kwenye ripoti linaingia kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, na kutoka hapo linafika mezani kwangu saa kumi na moja jioni, ukurasa unasubiriwa. Nami nalitafsiri.

Kwa hiyo kazi yetu, sisi tunaoandika Kiswahili na nyinyi mnaotusoma, ni ndogo lakini ipo. Habari ikitoka Goma, Bunia au El Fasher, tukisoma "watu walikufa", tuulize: walikufa au waliuawa? Tukisoma "waliuawa", tuulize na nani. Tukisoma "wanauana", tusimame kabisa, tuhesabu wangapi wana silaha. Majibu hayatamzuia mtu mwenye panga. Ila yatamfanya asiwe na mahali pa kujificha katika lugha yetu.